Jina Moja, Seva Tatu

Kwa mtu anayefanya kazi na kanzidata, hakuna ujumbe unaochosha akili kama ule unaosema jedwali halipo ilhali jedwali analiona. Amefungua orodha, limo. Amehesabu rekodi zake, zimetimia. Lakini programu ikiliomba, seva inakana. Nimekutana na ujumbe huo katika MySQL, ambako hubeba namba 1146. Katika PostgreSQL, ambako ni 42P01. Na katika Oracle, ambako huitwa ORA-00942. Namba ni tofauti, lakini mara nyingi chanzo nilichokikuta kilikuwa kilekile: herufi kubwa mahali ambapo seva ilitarajia ndogo, au ndogo mahali ilipotarajia kubwa.

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia katika kitengo cha TEHAMA cha hospitali moja ya Kanda ya Ziwa. Katika kipindi hicho mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulihamishwa zaidi ya mara moja: kwanza kutoka kompyuta ya Windows kwenda seva ya Linux, kisha kutoka MySQL kwenda PostgreSQL, na baadaye sehemu ya data ikaanza kupelekwa ngazi ya juu, ambako walitumia Oracle. Kila uhamisho ulinifundisha jambo lake, lakini yote yaliishia mahali pamoja. Jina la jedwali ni makubaliano ya watu. Makubaliano yasipoandikwa, hudumu kwa muda uleule tu ambao mashine iko tayari kuvumilia tofauti zetu.

Kutoka Windows kwenda Linux

Mfumo wetu wa kwanza ulijengwa kwa PHP na MySQL juu ya Windows. Mtaalamu aliyeuandika alipenda kuunganisha maneno na kuanza kila neno kwa herufi kubwa: Wagonjwa, MalipoYaBima, VipimoVyaMaabara. Waliokuja baada yake wakaongeza ripoti, kila mmoja kwa mkono wake. Mmoja aliandika wagonjwa, mwingine WAGONJWA, mwingine malipoYaBima. Yote yalikubaliwa. Kwa miaka hapakuwa na aliyelalamika, kwa hiyo hapakuwa na aliyejua kwamba jedwali moja lilikuwa na majina manne ndani ya msimbo.

Sababu ya uvumilivu ule iko chini kabisa, kwenye diski. MySQL huhifadhi kila kanzidata kama folda, na majedwali kama mafaili ndani ya folda hiyo. Jina la jedwali huwa jina la faili. Windows haitofautishi Wagonjwa na wagonjwa inapotafuta faili, Linux inatofautisha. Ili kuishi katika mazingira yote mawili, MySQL ina mpangilio uitwao lower_case_table_names. Katika Linux thamani yake ya kawaida ni 0, yaani jina hubaki kama lilivyoandikwa na herufi zake hutofautishwa. Katika Windows ni 1: majina yote hugeuzwa herufi ndogo yanapohifadhiwa, na hulinganishwa kwa herufi ndogo. Katika macOS ni 2: jina huhifadhiwa kama lilivyoandikwa, lakini hulinganishwa kwa herufi ndogo.

Hivyo tulipotoa nakala ya data kwenye Windows ili tuipeleke Linux, MalipoYaBima lilikuwa limekwisha kugeuka malipoyabima zamani, bila mtu kuliagiza. Seva mpya ililipokea kwa jina hilo. Asubuhi ya kwanza mapokezi walifanya kazi vizuri, kwa sababu aliyeandika sehemu ile alitumia herufi ndogo tangu mwanzo. Dirisha la malipo likakwama. Wagonjwa wa bima wakapanga foleni, na mhasibu wa zamu akarudi kwenye stakabadhi za karatasi.

Dirisha lile lilirekebishwa mapema. Jambo lililonifundisha zaidi lilikuja baadaye, ripoti ya mwisho wa mwezi ilipokataa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kufungua skrini moja moja na kuona kama inafanya kazi si jaribio la kutosha. Ndani ya mfumo wowote kuna msimbo unaoamka mara moja kwa mwezi, na mwingine mara moja kwa mwaka, wakati wa kuhesabu dawa stoo. Msimbo huo ukinyamaza siku ya kuhamia, usidhani umekubali. Bado haujaulizwa.

Tulichofanya ni kuchukua orodha ya majedwali yote, kisha kutafuta kila jina ndani ya kila faili la msimbo bila kujali ukubwa wa herufi, na kuandika pembeni kila umbo tulilolikuta. Kazi hiyo inachosha, lakini ina mwisho, na mwisho wake unajulikana: kila jedwali libaki na umbo moja. Tuligundua pia kwamba tatizo halikuishia kwenye majedwali. Katika MySQL majina ya safuwima hayatofautishwi kwa herufi kwenye mfumo wowote wa kompyuta, lakini jina fupi linalopewa jedwali ndani ya amri ya SQL hutofautishwa pale mpangilio ule unapokuwa 0. Aliyeanza na m na kumalizia na M ndani ya amri ileile alikataliwa.

Wapo walioshauri tubadilishe mpangilio wa seva uwe 1, tuendelee kama zamani. Kwa matoleo ya wakati ule ingewezekana. Tangu MySQL 8.0, iliyotoka 2018, thamani hiyo huwekwa wakati seva inapoandaliwa kwa mara ya kwanza tu, na ukiisakinisha kwenye Ubuntu kwa njia ya kawaida, maandalizi hayo hufanyika papo hapo. Anayekumbuka baadaye hulazimika kuandaa seva upya na kuirudishia data yote. Hata kama mlango ungekuwa wazi, bado ningechagua kusafisha msimbo. Mpangilio ule unanyamazisha dalili, na majina manne yanabaki palepale yakisubiri seva nyingine.

Kwa nini seva hazikubaliani

Baada ya uhamisho ule nilianza kusoma, maana sikuridhika kujua dawa bila kujua ugonjwa. Kila seva niliyoisoma ilikuwa na sababu inayoeleweka.

SQL ilizaliwa katika maabara ya IBM mjini San Jose, Marekani. Edgar Codd alichapisha makala yake kuhusu mpangilio wa data kwa mahusiano mwaka 1970, na mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce wakaeleza lugha waliyoiita SEQUEL, ambayo baadaye ikawa SQL. Huo ulikuwa wakati wa kadi za kutoboa na mashine zilizozoea herufi kubwa. Lugha ilipopewa kiwango rasmi, na taasisi ya viwango ya Marekani mwaka 1986 na kukubaliwa kimataifa mwaka 1987, mazoea hayo yalikuwa yameshaota mizizi. Kanuni ya kiwango ni kwamba jina lisilofungwa kwa alama za kunukuu huchukuliwa kama limeandikwa kwa herufi kubwa. Ukiandika wagonjwa, seva husoma WAGONJWA. Ukilifunga kwa alama za kunukuu, hubaki kama ulivyoliandika, herufi kwa herufi. Oracle, DB2 na Firebird hufuata kanuni hiyo.

PostgreSQL ilikuja kwa njia nyingine. Mradi wa Postgres ulianza Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Michael Stonebraker mwaka 1986, katika ulimwengu wa Unix ambako herufi ndogo ndiyo desturi. Awali haikutumia SQL. Andrew Yu na Jolly Chen ndio walioiingizia SQL mwaka 1994, na jina PostgreSQL likaanza kutumika 1996. Yenyewe hugeuza jina lisilofungwa kuwa herufi ndogo. Mwongozo wake rasmi unakiri wazi kwamba hapo inapishana na kiwango, na unashauri kila jina ama lifungwe daima kwa alama za kunukuu au lisifungwe kamwe.

SQL Server ya Microsoft haina jibu moja. Hutegemea kolesheni ya kanzidata, yaani kanuni za kulinganisha na kupanga maandishi. Ukichagua kolesheni isiyotofautisha herufi, Wagonjwa na wagonjwa ni kitu kimoja. Ukichagua inayotofautisha, ni vitu viwili. Na kolesheni huchukua sheria za lugha husika. Kwa Kituruki, i yenye nukta na ı isiyo na nukta ni herufi mbili, kila moja ikiwa na umbo lake kubwa. Ndiyo maana ID na id si jina moja katika kanzidata yenye kolesheni ya Kituruki, hata ile isiyotofautisha kubwa na ndogo. Sisi tunaoandika Kiswahili tuna nafuu: herufi zetu ni za kawaida, na kugeuza kubwa kuwa ndogo hakuleti utata. Tahadhari yetu ni moja, kile kikato cha ng', ambacho hakifai kuingia kwenye jina la jedwali.

Nilipoyajua haya niliacha kuzilaumu seva. Hakuna hata moja iliyokuwa inakosea. Kila moja ilikuwa inafuata sheria yake kwa uaminifu, na sheria hizo zilianza kugongana siku tulipozikutanisha.

Majedwali mawili ya dawa

Uhamisho wa kwenda PostgreSQL ulifanywa na timu ya kukodi. Wakati huo tayari kulikuwa na moduli mpya ya famasi, iliyojengwa baada ya kuhamia Linux na watu ambao hawakushiriki katika usafi wetu wa kwanza. Jedwali lake kuu liliitwa DawaZilizotolewa, na MySQL ya Linux ilikuwa imelihifadhi hivyohivyo. Zana ya kuhamisha data ililichukua jina kama lilivyo, ikalifunga kwa alama za kunukuu, ikaliunda upya ndani ya PostgreSQL likiwa na herufi zake kubwa.

Moduli ya famasi ilikuwa na tabia moja. Kila ilipowashwa, ilitoa amri ya kuunda majedwali yake endapo hayapo, na iliandika majina bila alama za kunukuu. PostgreSQL ikasoma dawazilizotolewa, ikatafuta, haikuona jina hilo, ikaunda jedwali jipya tupu. Moduli ikafunguka bila kosa lolote.

Aliyegundua alikuwa mfamasia wetu mkongwe, mama ambaye hospitali nzima tulimheshimu. Alinipigia simu kabla ya saa nne asubuhi.

"Mwanangu, hapa panaonyesha mgonjwa huyu hajawahi kupewa dawa kwetu. Mimi mwenyewe nilimpa wiki iliyopita."

"Shikamoo, mama. Kuna wengine walio hivyo?"

"Marahaba. Wote wako hivyo. Kila ninayemfungua ni mweupe."

"Basi naomba msiingize kitu kwenye kompyuta kwanza. Andikeni kwenye daftari, ninakuja."

Nilipoorodhesha majedwali niliyaona yote mawili: DawaZilizotolewa likiwa na historia yote hadi jana yake, na dawazilizotolewa likiwa na rekodi za asubuhi ile. Seva haikuwa imepotosha kitu. Kwake hayo yalikuwa majedwali mawili tofauti, kila moja na haki yake ya kuwepo.

Nimeona makosa mengi yanayopiga kelele, na siku hizi huyapokea kwa utulivu, kwa sababu kelele humwonyesha mtu pa kwenda. Hili lilikuwa kosa lililonyamaza. Daktari anayefungua skrini na kuona hakuna dawa iliyotolewa anaweza kuandika dawa ileile mara ya pili, au kuandika nyingine isiyopatana nayo. Kama si mtu aliyewakumbuka wagonjwa wake kwa sura na kuiamini kumbukumbu yake kuliko skrini, tungeendelea kugawa historia ya dawa katika majedwali mawili kwa muda ambao sipendi kuufikiria.

Tuliyaunganisha tukiwa na daftari la famasi mezani, tukilinganisha kila rekodi ya asubuhi ile na mstari wake kwenye karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ile daftari la karatasi ndilo lililokuwa shahidi, na tangu hapo sijakubali uhamisho wowote ufanyike bila shahidi aliye nje ya kompyuta.

Jambo la pili nililolishika ni la ruhusa. Akaunti inayotumiwa na programu kwa kazi za kila siku haina sababu ya kuwa na uwezo wa kuunda majedwali. Kama akaunti ile ingenyimwa uwezo huo, amri ya kuunda jedwali ingekataliwa, moduli ingegoma kufunguka, na tungejua kabla mgonjwa wa kwanza hajafika dirishani. Waliojenga PostgreSQL wenyewe walielekea huko: tangu toleo la 15 la mwaka 2022, watumiaji wa kawaida hawapewi tena ruhusa ya kuunda vitu katika skima ya public kwenye kanzidata mpya.

Safuwima zilizorudi tupu

Baada ya majedwali zilifuata safuwima. MySQL haijali herufi za safuwima, lakini huzihifadhi kama zilivyoandikwa, kwa hiyo TareheKuzaliwa na NambaYaFaili zilihamia PostgreSQL na herufi zao kubwa. Msimbo ulipoomba TareheKuzaliwa bila alama za kunukuu, seva ilitafuta tarehekuzaliwa, ikakosa. Kwa bahati nzuri PostgreSQL hutoa dokezo hapo: huonyesha safuwima inayofanana na uliyoiomba, ikiuliza kama ndiyo uliyoikusudia. Dokezo hilo limetuokolea muda mwingi.

Tulikuwa na njia mbili: kufunga kila jina kwa alama za kunukuu katika msimbo wote, au kubadilisha majina ya safuwima yenyewe. Njia ya kwanza huonekana ya haraka, lakini inamfunga kila atakayekuja baadaye, hata yule anayetaka kuandika swali dogo la haraka kwa ajili ya daktari. Na alama zenyewe hazifanani. Kiwango kinataka alama mbili za kunukuu, SQL Server imezoea mabano ya mraba, na MySQL hutumia kikato kinachoinama nyuma. MySQL isipobadilishwa mpangilio, alama mbili za kunukuu kwake humaanisha maandishi ya kawaida. Ukiomba "TareheKuzaliwa" kwa mtindo wa PostgreSQL ndani ya MySQL, utaletewa neno TareheKuzaliwa limerudiwa katika kila mstari badala ya tarehe, bila kosa.

Tulichagua kubadilisha majina. Kwa kutumia orodha iliyomo ndani ya information_schema, tulitengeneza amri za kubadilisha kila safuwima kuwa herufi ndogo zilizotenganishwa kwa kistari cha chini: tarehe_kuzaliwa, namba_ya_faili. Msimbo nao ukafuata.

Hapo ndipo lilipojitokeza tatizo ambalo watu wengi husahau kulitafuta. Zilikuwepo ripoti zilizochukua safuwima zote kwa alama ya nyota, kisha PHP ikachomoa thamani kwa jina. Jina la kuchomolea thamani hivyo ndani ya PHP hutofautishwa kwa herufi. Ripoti iliyoendelea kudai TareheKuzaliwa haikuikuta, ikachapisha nafasi wazi. Amri ya SQL ilikuwa sahihi, seva ilikuwa na furaha, karatasi ikatoka kwenye printa bila tarehe ya kuzaliwa. Kwa watu wazima huo ni usumbufu. Kwa wodi ya watoto, ambako umri huongoza dozi, ni hatari. Muuguzi mfawidhi wa wodi hiyo alirudisha karatasi zile siku ileile na kusisitiza zisitumike, na alikuwa na haki. Tangu wakati ule, ninapohamisha mfumo, hutafuta majina katika SQL, halafu hutafuta tena katika kila mahali matokeo ya SQL yanapopokelewa: kwenye ripoti, kwenye fomu, kwenye mafaili yanayopelekwa nje.

Herufi ndani ya data yenyewe

Wakati tukidhani tumemaliza majina, masjala ikaleta swali lake. Karani alikuwa anatafuta faili la mgonjwa kwa kuandika jina, na mfumo unasema hayupo, wakati faili la karatasi limo kabatini.

Hapa tatizo lilikuwa limeshuka kutoka kwenye majina ya majedwali hadi kwenye maandishi yaliyomo. MySQL, kwa kolesheni zake za kawaida, hulinganisha maandishi bila kujali herufi kubwa na ndogo. Katika toleo la 8.0 kolesheni ya msingi ni utf8mb4_0900_ai_ci, ambayo hupuuza pia alama za juu ya herufi. PostgreSQL, isipoelekezwa vingine, hutofautisha. Makarani wetu wengine waliandika majina yote kwa herufi kubwa kama walivyofundishwa kujaza fomu, wengine walianza tu kwa herufi kubwa. Chini ya MySQL wote walipata walichotafuta. Chini ya PostgreSQL, aliyeandika JUMA hakumpata Juma.

Uzito wa jambo hili uko katika kinachofuata. Karani asipomwona mgonjwa humfungulia faili jipya, na mgonjwa mmoja huwa watu wawili. Kibaya zaidi, kizuizi kilichokataza namba ya faili kurudiwa kilikuwa kimelegea bila kuguswa. MySQL ilikuwa inakataa kw/104 pale penye KW/104. PostgreSQL ilizipokea zote mbili kama namba tofauti.

Dawa zipo, ila lazima mtu azichague kwa makusudi. Kwa namba za faili tuliamua umbo moja tu likubalike: herufi kubwa, zikigeuzwa wakati wa kuingiza, na kanzidata yenyewe ikikataa umbo lingine. Kwa majina ya watu tuliamua kinyume chake, kwa sababu jina la mtu ni lake na libaki alivyoliandikisha. Hapo utafutaji ndio uliobadilika: pande zote mbili hugeuzwa herufi ndogo kabla ya kulinganishwa, na faharasa ikajengwa juu ya umbo hilo ili utafutaji usiwe wa polepole. PostgreSQL ina njia nyingine pia, kama aina ya data iitwayo citext, na tangu toleo la 12 la mwaka 2019, kolesheni zinazoweza kupuuza tofauti za herufi. Kila njia ina gharama zake. Kilicho muhimu ni kwamba uamuzi ufanywe na watu wanaojua data, wakiwa na karani wa masjala mezani, kabla ya siku ya kuhama.

Oracle, kwa ufupi

Tulipoanza kupeleka data ngazi ya juu, nilidhani majina yetu yalikuwa safi: herufi ndogo, kistari cha chini, hakuna alama za kunukuu. Upande wa pili waliyaingiza kwa zana iliyoyafunga kwa alama za kunukuu, na Oracle ikayahifadhi kwa herufi ndogo. Mwenzangu wa kule akanipigia.

"Kaka, jedwali la wagonjwa halipo. Inanipa 00942."

"Kaka, lifunge kwa alama za kunukuu, ulitafute kwa herufi ndogo."

Likapatikana. Bila alama zile, Oracle ilikuwa inatafuta WAGONJWA. Tulikubaliana waingize upya bila kufunga majina, na kila seva ikayageuza kwa desturi yake: kwetu herufi ndogo, kwao kubwa, na amri ileile ikafanya kazi pande zote mbili. Faida ya jina lenye umbo moja lisilohitaji alama ni hiyo. Sheria za seva zinaendelea kutofautiana, lakini tofauti zao hazikugusi tena.

Tulirekebisha pia urefu wa majina. Oracle ya kabla ya toleo la 12.2 hairuhusu jina kuzidi baiti 30. Baada ya hapo ni 128. PostgreSQL huishia baiti 63, na jina refu kuliko hapo hulikata na kuendelea, ikitoa taarifa ndogo tu. MySQL huishia herufi 64. Tukaweka 30 kuwa kikomo chetu kwa majina yote.

Yanayofaa kuandikwa mapema

Mifumo miwili ya afya inayojulikana sana Afrika Mashariki inaonyesha kwamba nidhamu hii inawezekana. OpenMRS, inayotumia MySQL, ina majedwali kama patient_identifier na concept_name. DHIS2, iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo na inayotumia PostgreSQL, ina organisationunit na dataelement. Moja inatenganisha maneno, nyingine inaunganisha, lakini zote mbili zimechagua herufi ndogo na kushikilia uamuzi huo, na anayeziandikia ripoti hahitaji kukisia.

Ninapoombwa leo kusimamia uhamisho, huanza na mambo machache. Huuliza kanuni ya majina imeandikwa wapi. Kama haipo, tunaiandika kabla ya kugusa data: herufi ndogo, kistari cha chini, herufi zisizozidi 30, na kuepuka maneno ambayo seva imejiwekea, kama user na order. Hutafuta ndani ya kanzidata majina yanayofanana yakigeuzwa herufi ndogo, maana kila jozi itakayopatikana ni ajali inayosubiri. Hutaka mazingira ya majaribio yawe na mfumo uleule wa kompyuta na toleo lilelile la seva litakalotumika. Kuandika programu kwenye Windows si kosa, kuijaribu huko tu ndiko kunakoleta hasara. Huiondolea akaunti ya programu uwezo wa kuunda majedwali. Huhesabu rekodi za kila jedwali kabla na baada, kisha huhesabu majedwali yenyewe, kwa sababu jedwali lililozidi ni dalili mbaya sawa na lililopungua. Na huendesha kila ripoti, hata ile ya mwisho wa mwaka.

Yote haya yanawezekana kwa gharama ndogo yakianza mapema, na hapo ndipo ninapowageukia wanaosaini mikataba: waganga wafawidhi, makatibu wa hospitali, wakuu wa shule, mameneja wa vyama vya ushirika. Mfumo unaponunuliwa, zabuni huorodhesha skrini, ripoti na idadi ya kompyuta. Kanuni ya majina haimo, na nakala ya muundo wa kanzidata mara nyingi haidaiwi. Ongezeni vipengele hivyo viwili, na kipengele cha tatu kinachomtaka mjenzi auendeshe mfumo kwenye Linux mbele yenu kabla ya malipo ya mwisho. Seva mnayoinunua itachakaa baada ya miaka michache na itabadilishwa. Majedwali na majina yake yatahamishiwa kwenye inayofuata, na anayeweza kuamua kama yatahama salama ni yule anayesaini leo.